Kompyuta ikijizima na kujiwasha ukishaingia: mtafute kwanza aliyeizima

"Fundi, hii mashine sasa ina pepo."

Aliyepiga simu ni mama mwenye steshenari, saa mbili asubuhi, wanafunzi wamekwisha kujipanga dirishani na karatasi zao za kutoa kopi. Akiiwasha kompyuta inawaka bila shida. Anaandika nenosiri, picha ya nyuma inatokea, aikoni zinajipanga moja moja, halafu tap! Skrini nyeusi, feni inavuma upya, nembo ya Windows inarudi. Ukiiacha kwenye ukurasa wa nenosiri inakaa hata saa nzima. Ukiingia tu, imeondoka. Alikuwa amekwisha kulipia Windows mpya mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwa mafundi wawili tofauti. Ya kwanza ilidumu siku nne, ya pili haikufika jioni.

Nitarudi kwenye mashine hiyo, maana ilinizungusha mchana kutwa kabla sijaielewa. Kwanza tuone kwa nini ubovu huu hupenda kusubiri mpaka uingie.

Kompyuta iliyo kwenye ukurasa wa nenosiri ni kama daladala iliyoegeshwa stendi: injini inanguruma, lakini haijabeba mtu. Ukibonyeza Enter ndipo abiria wanapanda wote kwa pamoja. Mafaili ya akaunti yako yanafunguliwa, antivirusi inaanza kukagua, programu zinazojiwasha zenyewe zinaamka, kadi ya picha inaanza kuchora madirisha, mtandao unatafutwa, printa inaitwa. Chenye hitilafu kinaonekana hapo, kiwe draiva (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), diski au umeme. Kwa hiyo neno "ukishaingia" halitoshi kukuambia kimeharibika nini. Linakuambia tu kwamba mzigo umepanda.

Wanaoweza kuizima ni watatu. Windows yenyewe, baada ya kukuta kosa isiloweza kulivumilia. Programu fulani iliyotoa amri ya kuzima. Au umeme uliokatika ndani ya mashine hata Windows isijue kilichoipata. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimgusi mwenzake. Ndiyo maana mtu anaweza kufomati mara mbili na pepo asitoke.

Je, kweli inajiwasha upya?

Shika simu, washa kamera ya video, ielekeze kwenye skrini, kisha ingia kama kawaida. Kama simu yako ina mwendo wa polepole, tumia huo. Video hiyo itakujibu maswali matatu.

La kwanza: je, nembo ya mtengenezaji wa kompyuta imetokea tena? Kama umerudishwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa nenosiri bila nembo, kompyuta haikujizima. Imekutoa kwenye akaunti, na hilo ni tatizo la akaunti yako. Ruka hadi karibu na mwisho wa mwongozo huu.

La pili: je, kuna skrini ya bluu iliyopita kama umeme wa radi? Kwenye Windows 11 zilizosasishwa tangu katikati ya 2025 skrini hiyo imegeuzwa nyeusi, kwa hiyo usitafute rangi, tafuta maandishi. Simamisha video hapo na uandike neno refu la herufi kubwa lililounganishwa kwa mistari ya chini.

La tatu ni sekunde: kutoka Enter mpaka kuzima zimepita ngapi? Ikiwa ni zilezile kila mara, tuseme 25, mshuku anayeamka kwa zamu yake, yaani programu, draiva au kifaa. Zikibadilika ovyo, mara 10, mara dakika nne, rami na umeme vinapanda juu kwenye orodha. Muda ukiwa mrefu mashine ikiwa baridi na mfupi ikiwa imeshapata moto, hapo ndipo useme joto. Watu wanalilaumu joto haraka mno. Kompyuta iliyolala usiku kucha haipati homa ndani ya sekunde ishirini, isipokuwa sinki ya prosesa (bamba la chuma la kuipoza) imelegea, na kwa kawaida iliyozidiwa na joto hujizima na kunyamaza, haijiwashi.

Iache kwenye BIOS

BIOS ni programu ndogo ya mashine yenyewe, inayoamka kabla ya Windows. Kipimo hiki ni cha bure na sijui kwa nini hakitumiki zaidi. Washa mashine, gonga kitufe cha kuingilia BIOS mara nyingi mfululizo: F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell, Acer na Asus, F1 kwenye ThinkPad, Delete kwenye nyingi za kuunganishwa na mafundi. Ukifika, iache hapo nusu saa, kanywe chai.

Ndani ya BIOS Windows haipo kabisa. Mashine ikijizima ikiwa hapo, Windows imeachiwa huru, wala usiiguse. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya umeme hapa chini. Ikikaa nusu saa bila kutikisika hujathibitisha kwamba vifaa ni vizima, kwa sababu BIOS haina mzigo, lakini umepata pa kuanzia.

Kipimo cha pili ni kuiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaofanya kazi badala ya Windows, ukachagua kuijaribu bila kuisakinisha. Fungua video, acha icheze. Ikianguka huko nako, ni vifaa. Ikidumu, tumia nafasi hiyo kunakili mafaili yako kwenye diski ya nje kabla hujaendelea na lolote. Fanya hivyo hata kama una haraka. Nimeona picha za harusi zikipotea kwa sababu ya haraka ya dakika kumi.

Pita mlango wa nyuma

Kama kuingia kwa kawaida hakukupi hata dakika moja, ingia kwa Safe Mode, ambamo Windows inabeba vitu vya lazima tu na programu zinazojiwasha zenyewe haziitwi.

Kwenye ukurasa wa nenosiri, bofya alama ya kuzimia pembeni chini, shikilia Shift, chagua "Restart". Itakuja skrini ya rangi moja yenye machaguo. Fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart". Orodha ikitokea bonyeza 4 kwa Safe Mode tupu, au 5 ikiwa utahitaji mtandao. Kama mashine haifiki hata kwenye nenosiri, iwashe na, Windows inapoanza tu kupakia, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Ukirudia hivyo mara mbili tatu, Windows itakupeleka kwenye skrini hiyo yenyewe.

Tahadhari mbili. Mashine ikiwa na BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa humo, na unaweza kuuona kwa simu ukifungua account.microsoft.com. Uwe nao mkononi kabla ya kuanza. Pili, PIN uliyozoea inaweza kukataliwa humo ndani, kwa hiyo kumbuka nenosiri lenyewe. Na tafadhali usiweke tiki ya "Safe boot" ndani ya msconfig (dirisha la Windows la mipangilio ya kuwaka) kama hulikumbuki nenosiri hilo. Mashine itakuwa inarudi Safe Mode kila ikiwaka, nawe huwezi kuingia ukaiondoe.

Ukiwa ndani, jambo la kwanza ni kuiambia Windows isifiche ushahidi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Kwenye "Advanced", chini ya "Startup and Recovery", fungua "Settings", ondoa tiki ya "Automatically restart". Kuanzia sasa, ikiwa aliyeizima ni Windows yenyewe, skrini ya kosa itabaki mbele yako badala ya kukimbia. Ikiwa mashine inajiwasha upya vilevile hata baada ya hapo, tayari umejifunza kitu: huenda hakukuwa na skrini ya kosa tangu mwanzo.

Soma daftari

Windows ina daftari linaloandika kila linalotokea, na kwa ubovu huu ndilo shahidi wangu mkuu. Kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc. Fungua "Windows Logs", kisha "System". Kulia bofya "Filter Current Log", na kwenye kisanduku cha namba za matukio andika: 41,1001,1074,6008. Linganisha saa za matukio na saa ambazo mashine ilijizima.

Namba 1074 maana yake kuna aliyetoa amri. Jina lake limeandikwa humo humo.

Namba 1001 yenye chanzo cha BugCheck maana yake Windows ilianguka na kuacha maelezo ya kosa.

Namba 41, yenye chanzo cha Kernel-Power, ndiyo inayowatisha watu bure. Haielezi sababu. Inasema tu: niliamka nikakuta sikuzimwa vizuri. Inayofuatana nayo mara nyingi, 6008, inasema hayohayo. Ila 41 ina siri ndani yake. Ifungue, nenda kwenye "Details", tafuta mstari wa BugcheckCode. Kama kuna namba, ni Windows iliyoanguka. Kama ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika, na mara nyingi hiyo ni umeme, au mashine iliganda kabisa. Angalia pia PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kitufe cha kuwashia kilibonyezwa, na kama si wewe uliyekibonyeza, basi kimenasa. Nimewahi kukuta kitufe kilichogandishwa na soda.

Sasa una jina la mtuhumiwa. Fuata njia moja kati ya tatu zinazofuata, si zote.

Njia ya kwanza: kuna aliyetoa amri

Soma jina la programu ndani ya 1074. Yenye svchost, TrustedInstaller au MoUsoCoreWorker kwa kawaida ni masasisho ya Windows. Iache imalize mara moja, kwa umeme wa uhakika, hata ikichukua saa mbili. Ikizunguka bila mwisho, rudi kwenye skrini ya machaguo, "Advanced options", "Uninstall Updates", ondoa sasisho la mwisho.

Ukikuta wlms.exe, mafaili yako hayana kosa na vifaa ni vizima. Windows uliyowekewa ni ya majaribio, na muda wake umekwisha. Matoleo hayo ya Enterprise hupewa siku 90. Zikiisha, mashine inajizima yenyewe kila baada ya saa moja hivi. Ziko nyingi mitaani, zimewekwa na fundi aliyepakua faili la kwanza aliloliona. Hakuna amri ya kulitibu hilo kihalali zaidi ya kuweka Windows yenye leseni.

Ukikuta shutdown.exe, kuna mtu au kitu kimepanga. Kitufe cha Windows na R, andika shell:startup, uone kama kuna njia ya mkato usiyoijua. Huu ni mzaha wa kale wa mabwenini: unatengeneza njia ya mkato yenye amri ya kuzima, unaiwekea aikoni ya kivinjari, unaitupa humo, mwenzako anahangaika wiki nzima. Kagua pia "Task Scheduler", hasa kwa kompyuta zilizotoka kwenye intaneti kafe, ambazo huja na programu za kuhesabu muda.

Likija dirisha linalosema mashine itazimwa baada ya dakika moja, fungua kisanduku cha R haraka, andika shutdown /a, Enter. Amri hiyo husitisha kuzima. Waliokuwa na kompyuta mwaka 2003 na 2004 wanaikumbuka, maana virusi vya Blaster na Sasser viliangusha huduma muhimu za Windows na kuleta sekunde 60 za kuhesabu kurudi nyuma. Virusi wa namna hiyo wapo hadi leo kwa majina mengine, kwa hiyo huduma kama lsass.exe ikitajwa kuwa imeanguka, kagua mashine kwa antivirusi ukiwa Safe Mode.

Njia ya pili: Windows imeanguka

Hapa tunahitaji jina la kosa. Kama hukuliona kwenye skrini, soma BugcheckCode ndani ya 41, lakini kumbuka pale imeandikwa kwa namba za kawaida, wakati mitandaoni utaikuta kwa mfumo wa kumi na sita. Kwa hiyo 278 ni 0x116, kadi ya picha au draiva yake. 292 ni 0x124, vifaa vyenyewe vimelalamika. 26 ni 0x1A, rami kwanza. 122 ni 0x7A, diski au waya wake. 80 ni 0x50, draiva mbovu au rami. 239 ni 0xEF, mchakato muhimu umekufa, mara nyingi kwa sababu ya diski au mafaili ya mfumo yaliyoharibika.

Kama unataka jina la draiva lenyewe, pakua BlueScreenView ya NirSoft. Inasoma mafaili yaliyomo C:\Windows\Minidump na kukuonyesha jina linaloishia na .sys. Likijirudia jina lilelile mara tatu, nne, usitafute mbali.

Kadi ya picha ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwa tatizo la baada ya kuingia. Ukiwa Safe Mode fungua "Device Manager", "Display adapters", bofya kadi yako mara mbili, "Driver", halafu "Roll Back Driver". Kitufe kikiwa kimefifia, chagua kuiondoa na uweke tiki ya kufuta draiva yake pia. Zima intaneti kwanza, vinginevyo Windows itairudisha ileile ukiwa hujamaliza kukaa. Ingia kawaida. Picha zitakuwa kubwa na mbaya, lakini mashine ikitulia, umeshampata. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, toleo la nyuma kidogo kama la karibuni ndilo lililoleta balaa.

Draiva za programu za ulinzi nazo zina nguvu ya kuangusha kila kitu. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka, nyingi zikawa zinajiwasha bila kukoma, kwa sababu ya sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi. Dawa iliyotangazwa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja linaloanza na C-00000291. Mashine zilikuwa za mashirika ya ndege na hospitali, na kilichozinyanyua kilikuwa kufuta faili moja. Kama una antivirusi mbili kwenye kompyuta moja, ondoa moja leo.

Rami huhitaji subira. Ukiwa na vijiti viwili, zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa kimoja, jaribu, badilishana, jaribu. Futa miguu yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa vumbi la kifutio. Halafu flashi ya MemTest86, programu ya kupima rami, usiku kucha. Kipimo cha Windows, mdsched, nacho kipo, ila kikisema "hakuna kosa" mimi siridhiki. Kosa hata moja kwenye MemTest86 latosha kukitupa kijiti.

Diski: pakua CrystalDiskInfo. Ikisema "Caution" au "Bad", nakili mafaili kwanza. Usikimbilie chkdsk /r, amri ya kukagua diski nzima, kwenye diski inayokufa, maana inaifanyisha kazi ngumu kuliko zote wakati haina pumzi. Ikiwa diski ni nzima lakini unashuku mafaili ya mfumo, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza sfc /scannow.

Kwa 0x124, rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, uzime XMP (mpangilio wa kuiongezea rami kasi) na mambo yote ya kuongeza kasi. Wenye kompyuta za mezani zenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 wasasishe BIOS; Agosti 2024 Intel ilitoa marekebisho yenye namba 0x129 (si namba ya kosa) kwa sababu prosesa hizo zilikuwa zinadai volti kubwa mno na kuchakaa mapema. Ila usisasishe BIOS siku umeme unacheza. Ukikatika katikati, mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, inaweza isiamke tena.

Makosa yakiwa hayana mpangilio, kila siku jina jipya, fanya kuwasha safi. Andika msconfig, "Services", weka tiki "Hide all Microsoft services", kisha "Disable all". Fungua "Task Manager" na uzime zote zinazojiwasha zenyewe. Ingia. Mashine ikitulia, rudisha nusu. Ikianguka, mkosaji yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Huduma thelathini zinakwisha kwa majaribio matano.

Njia ya tatu: 41 na sifuri

Hapa ndipo nilipokwama na mashine ya steshenari. Daftari lilijaa 41, kila moja ina BugcheckCode 0. Sawa, nikasema, umeme. Lakini BIOS ilikaa nusu saa. Ubuntu ikacheza video dakika arobaini. Safe Mode, tulivu kama maji ya mtungi. Ushahidi wote ukawa unasema ni Windows, isipokuwa ile sifuri. Nami nikafanya kosa, nikaidharau sifuri nikahangaika na draiva saa tatu.

Kilichonizindua ni mlio. Mteja alikuja, akataka kopi, yule mama akaingia kwenye kompyuta kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Aikoni zikajipanga, printa ya leza iliyo pembeni ikaguna, taa yake ya kijani ikawaka, na sekunde ileile kompyuta ikaondoka. Nikamwambia, "Mama, zima printa, ingia tena." Akaingia. Ikakaa.

Printa ya leza ina rola la kuyeyushia wino wa unga, na likianza kupashwa joto linavuta umeme kwa mkupuo, wati mia kadhaa hadi kupita 1,000. Kompyuta, printa, mashine ya laminesheni na feni vilikuwa kwenye ekstensheni moja nyembamba. Programu ya printa ilikuwa inajiwasha kila akiingia na kuiamsha printa. Volti ikazama kidogo, na pawa saplai ya kompyuta (kisanduku kinachoigawia umeme), ya mtumba, kapasita zake (vikopo vidogo vinavyotunza umeme) zimechoka, haikuweza kuvumilia hata mzamo huo mfupi. Safe Mode haiwashi huduma ya kuchapa, na Ubuntu haikuwa na programu ile, ndiyo maana zilitulia. Na zile siku nne za Windows ya kwanza? Fundi alisahau kuweka programu ya printa. Aliirudia siku ya nne.

Kwa hiyo ukipata sifuri, iamini. Anza nje kuja ndani. Chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, kipanya na skrini, ingia. Hamisha kompyuta kwenye soketi ya ukutani, bila ekstensheni. Kama una UPS (kisanduku cha betri ya akiba umeme ukikatika), jaribu bila hiyo, maana betri ya UPS iliyokufa nayo inazima mashine. Na printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kamwe. Ukiwa na kipima umeme na unajua kukitumia, soma soketi jioni wakati kila mtu anapika. Umeme wetu ni volti 230. Ukiukuta unacheza mbali sana chini ya hapo, stabilaiza itakuokolea zaidi ya kompyuta.

Ndani ya mashine ya mezani, kwanza chomoa kwenye mazabodi waya mdogo wa kitufe cha kuwasha upya, ulioandikwa RESET SW. Kitufe kilichonasa hujifanya pepo vizuri sana. Kagua kapasita kwenye mazabodi: zikiwa zimevimba kichwani kama maandazi, au zimetoa utando wa kahawia, zimekwisha. Pima waya wa njano wa pawa saplai kwa mweusi mashine ikiwa na mzigo. Inatakiwa iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Pawa saplai yenyewe usiifungue, ina umeme uliohifadhiwa hata ikiwa imechomolewa. Azima nzima ujaribu nayo. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho. Na kama uliongeza kadi ya gemu kwenye mashine ya ofisi yenye saplai ya wati 240, jibu unalo tayari.

Kwa kompyuta mpakato, jaribu betri peke yake bila chaja, kisha chaja peke yake kama betri inatoka. Linganisha wati za chaja na zilizoandikwa chini ya mashine. Chaja ya wati 45 kwenye mashine ya 65 inaweza kuwasha kila kitu mpaka mzigo upande. Betri iliyovimba hadi kuinua kibodi, usiichaji tena wala kuitoboa.

Ikiwa ni akaunti yako peke yake

Ingia kwa akaunti nyingine, au uitengeneze ukiwa Safe Mode: Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, net user jaribio Nenosiri1 /add, na uweke nenosiri lako mwenyewe hapo. Akaunti mpya ikitulia na yako ikaanguka, usipoteze siku kuitibu ya zamani. Ipe mpya mamlaka, hamishia nyaraka, picha na alama za kivinjari, endelea na maisha. Usinakili folda ya AppData nzima, maana huenda ugonjwa umo humo.

Kufomati

Ifanye pale tu daftari linaposema Windows ndiyo iliyoanguka, na rami, diski na umeme vimeshapimwa. Ukishaweka Windows mpya, usirudishe kila kitu siku moja. Weka draiva ya kadi ya picha, tumia nusu siku. Kisha antivirusi. Kisha printa. Ikianguka, utajua ni nani aliyeingia mwisho.

Na kama unampelekea fundi, mpe ile video, namba ya BugcheckCode, idadi ya sekunde, na orodha ya vilivyochomekwa kwenye soketi moja na kompyuta. Hicho cha mwisho hakuna fundi atakayekuuliza, nami sikuuliza.